Jasho la Chumba cha Nyuma

Dodoma,
4 Desemba 2023

Ndugu Hemedi Mnali,
Fundi Ujenzi,
Mpapura, Mtwara.

YAH: MAJI KATIKA CHUMBA CHA NYUMA, NYUMBA YA MZEE GAUDENSI NDUNGURU, UFUKONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Oktoba nilikukabidhi nyumba ya baba yangu ubadilishe mabati, ufunge gata, upige lipu upya na kupaka rangi, wakati yeye akiwa Mbinga kwenye msiba wa dada yake. Ulimaliza kwa wakati, nikakushukuru. Sasa mvua mbili tu zimenyesha, na baba ameniandikia kwamba chumba chake cha nyuma "kinatoa jasho". Lipu imevimba kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, rangi inabanduka, na godoro limeota ukungu upande wa ukutani. Chumba hicho kimekaa miaka ishirini na tisa bila kuingia tone. Umekigusa wewe, kimelowa.

Ni paa linavuja, au mlitoboa bomba la maji mkanyamaza? Sipendi kumsingizia mtu, lakini nyumba haijilowanishi.

Simu sitapokea. Kazi yangu ni masjala, nimeona mengi. Lililosemwa kwa simu hukanushwa kesho yake, lililoandikwa na kusainiwa hubaki kwenye jalada. Baba naye hasikii simu tangu winchi za bandarini zilipomharibu masikio, kwa hiyo sisi ni familia ya barua. Utaandika, utatuma kwa basi, nami nitajibu hivyo hivyo.

Ndani ya siku saba nataka jina la mhusika wa maji hayo, kwa maandishi. Sitaki maelezo marefu. Nataka jina.

Magreth G. Ndunguru


Ufukoni, Mtwara
11/12/2023

Dada Magreth,

Asalaam aleikum, na kwa upande wenu Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Barua yako ilikuja rasmi mno mpaka mke wangu Mwanaidi akadhani nimeitwa mahakamani, hakula mchana ule. Nimemsomea mara mbili ndipo akatulia.

Nimekaa kwa mzee siku tatu natafuta hayo maji. Paa nimepanda mwenyewe, nimemwagia ndoo nane juu ya kila bati la upande wa nyuma, ndani silingibodi kavu. Bomba la maji linaingia mbele, karibu na baraza, halifiki kabisa chumba cha nyuma. Hata hivyo nilifunga mita siku mbili nzima, mzee akawa anakunywa maji ya kwa jirani, na ukuta ukaendelea kutoa jasho kama kawaida. Maji hayatoki juu wala pembeni, dada. Yanapanda kutoka chini.

Kuna jambo lingine ambalo sijalipenda. Nikigonga sakafu ya chumba hicho kwa mpini wa nyundo, mlangoni inajibu kama sakafu, ila nikisogea kwenye kitanda inajibu vingine, inaitika mbali. Na jana, wakati mvua inaanza, nimesikia vyura. Nikatoka nje kuwatafuta, hakuna. Nikarudi ndani, nikawasikia tena chini ya kitanda, na chini ya kitanda mna masanduku tu. Mzee hasikii chochote. Lakini siku hizi anavua viatu mlangoni na kutembea pekupeku, polepole, mkono ukutani. Nilipomwandikia kwenye daftari lake "nani alijenga chumba hiki?" akaandika "mimi", akafunga daftari.

Upande wangu niseme nilichofanya, ili lisije likaonekana nimelificha. Gata la nyuma halikuwa na pa kumwaga. Kwenye kona ya ukuta nilikuta bomba la zamani la saruji limezama ardhini, mdomo umezibwa kwa matambara. Kwetu Mpapura tone la paa halitupwi, kila nyumba ina kisima chake cha maji ya mvua. Nikatafuta uani mdomo wa kisima, sikuuona popote. Nikajua basi hilo bomba ni la kupeleka maji mtaroni, nikalizibua, nikaunganisha gata humo. Ilikuwa kazi ya ziada, sikuiandika popote, nilidhani nakusaidia.

Sasa nakuuliza na mimi: uani hapo paliwahi kuwa na kisima?

Wako,
Fundi Hemedi Mnali


Dodoma,
16 Desemba 2023

Ndugu Hemedi Mnali,

YAH: JIBU LA BARUA YAKO YA 11/12

Nilikuomba jina, umeniletea vyura.

Kuhusu swali lako, uani hakuna kisima. Mambo ya nyumba yetu ya zamani hayahusiani na lipu yako, na sioni sababu ya kumhoji mzee wa miaka sabini na tano kwenye daftari kana kwamba yeye ndiye mtuhumiwa.

Nimeandika malalamiko kwa baraza la kata. Watakuja kukagua Jumatatu tarehe 22 Januari, na siku hiyo nitakuwepo. Mpaka siku hiyo usiguse kitu, yaani gata, bomba, ukuta wala sakafu. Hivyo vyote ni ushahidi, na mafundi wengi nimewaona wakifuta makosa yao kwa kisingizio cha kurekebisha. Nikikuta hata msumari umehama, nitaandika kwamba umeuhamisha wewe.

Magreth G. Ndunguru


Ufukoni
22 Desemba 2023

Mwanangu Magi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Krismasi njema. Mwaka huu korosho za jirani zimeanguka vizuri, nimekuwekea kilo mbili, nitampa kondakta.

Nimemwambia fundi aondoe lile gata la nyuma. Anasema umemkataza kwa barua na muhuri. Mruhusu. Mvua za mwaka huu ni kubwa, kila siku zinakuja. Usiniulize sababu, mruhusu tu. Fundi ni mtu mzuri, hajaharibu kitu kwa kukusudia.

Na hilo la kutafuta jina liache. Maji haya hayana kesi. Kama ni lazima jina liandikwe, andika langu, mimi nimezoea.

Niko salama. Usihangaike kuja.

Baba yako,
Gaudensi


Dodoma,
28 Desemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Korosho nimezipata, kondakta amezipunguza kidogo lakini nimezipata.

Barua yako imenipa wasiwasi. Nani amekuambia uandike vile? Fundi amekutisha? Kila anayetaka kukwepa kosa huanza kwa kumpata mzee wa nyumba. Usisaini karatasi yoyote atakayokuletea.

Na wewe hamia chumba cha mbele. Nimekuomba tangu mama alipofariki, hutaki. Nitasema leo, kwa sababu kwenye karatasi nina ujasiri ambao mdomoni sina. Najua kwa nini unalala pale. Uliacha kisima wazi, Brian akatumbukia akiwa na miaka mitatu. Ukakifukia, ukajenga chumba juu yake, ukahamisha kitanda chako humo. Umejifunga mwenyewe. Mama hakukusamehe mpaka anaingia kaburini, na nisikufiche, kuna miaka hata mimi sikukusamehe. Nilikuwa nikikutazama ukinywa chai asubuhi, nikawa nahesabu umri ambao Brian angekuwa nao. Sasa nina miaka thelathini na sita, baba, na nimechoka kukukasirikia. Tripu nne za udongo ulisema zilimwagwa pale. Yaache yabaki chini ya udongo.

Kwa fundi nimeandika kwamba hakuna kisima. Msiba wetu si wa kila mtu kuupitia mikononi.

Ajabu ni kwamba siku ile mimi nakumbuka viboko tu. Nilifika shule bila ndoo yangu ya maji, ile ya bluu, na mwalimu wa zamu akanichapa mbele ya mstari. Saa tatu wakaja kuniita darasani, na jioni ile ile shangazi akanipakia kwenye basi la Mbinga. Niliporudi, Brian hayupo, uani hakuna kisima, na wewe umeninunulia ndoo nyingine, nyekundu. Ukasema ile ya bluu imeibiwa. Nililia kwa ajili ya ndoo kuliko nilivyomlilia mdogo wangu, na jambo hilo linaniaibisha mpaka leo.

Hama chumba, baba. Nakuja tarehe 22.

Binti yako,
Magreth


Ufukoni, Mtwara
3/1/2024

Dada Magreth,

Salamu nitatoa siku nyingine. Nimekupigia mara tisa, hupokei. Basi ninaandika hii nikiwa nimechuchumaa barazani kwa mzee, na kondakta ananisubiri.

Bi Somoe, yule jirani wa ukuta wa pili, amerudi toka kwa mwanawe. Nilimwuliza swali lile nililokuuliza wewe. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, "Mwanangu, mnalala juu yake, mnaniuliza kiko wapi?" Kisha akanieleza yote, na ya yule mtoto pia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa hiyo chini ya kitanda cha mzee kuna kisima cha maji ya mvua, na mimi ndiye niliyekijaza. Gata langu limepeleka humo maji ya nusu ya paa kwa mvua za mwezi mzima. Hilo ni langu na nalikubali, liandike. Lakini ungeniambia neno moja tu, dada, neno moja mwezi Oktoba, au hata nilipokuuliza kwa maandishi kama ulivyotaka. Uliniandikia hakuna. Barua hiyo ninayo.

Unaweza kusema kilifukiwa. Na Bi Somoe alisema hivyo hivyo, mtaa mzima unajua hivyo. Mzee alipokwenda misa nilikata kitundu kando ya kitanda kwa tindo, upana wa kidole, nikateremsha kamba yenye jiwe. Ilikwenda pima mbili na zaidi. Hakuna udongo humo, hata tripu moja haikumwagwa. Na kamba ilipanda imelowa karibu yote, imebaki kavu shubiri moja tu juu. Maji yamesimama shubiri moja chini ya miguu ya mzee. Na hiyo sakafu anayoikanyaga nimeiona pembeni ya kitundu: mbao za bandarini zimepangwa, juu yake saruji nyembamba, hamna nondo. Mbao zimekaa kavu miaka ishirini na tisa. Sasa zinakunywa maji. Kuna ufa umeanza mlangoni, jana ulikuwa umefika mguu wa kitanda, leo umeupita.

Gata nimelikata leo asubuhi bila ruhusa yako. Bomba nimelizibua mwezi wa kumi, leo nimeliziba. Kama ni kuharibu ushahidi, nimeharibu. Lakini maji yaliyokwishaingia hayatoki bila kuvunja sakafu na kuteremsha pampu, na mzee amekaa kitandani amenionyesha daftari: HAPAFUNGULIWI. Tumemwomba mimi, Bi Somoe, na katekista wa kigango chenu. Anatikisa kichwa.

Yeye ni baba yako. Mwamuru wewe.

Hemedi


Dodoma,
9 Januari 2024

Fundi Hemedi,

Barua yako imenifikia jana. Maji yalikata barabara kule njiani na mabasi yamelala siku mbili.

Baba aliniambia kimefukiwa. Nilikuwa mtoto, nikaamini, na nimeendelea kuamini mpaka jana saa kumi jioni. Sijui kwa nini adanganye jambo kama hilo. Nimelisoma hilo la kamba mara nyingi, na kila nikilala naiona inashuka.

Nakubali kwamba nilipaswa kukujibu ukweli tarehe 16. Hata hivyo wewe uliunganisha bomba usilolijua liendako. Tutagawana tutakapokuwa mbele ya baraza.

Fanya haya. Baba ahamie chumba cha mbele leo hii, na akikataa mbebeni na kitanda chake. Sakafu isivunjwe kabla ya tarehe 22. Nataka ivunjwe mbele yangu na mbele ya watu wa baraza, na kila kitakachotoka humo kiorodheshwe kimoja kimoja. Kama baba alificha kwamba hakufukia, basi kuna alichokificha. Nataka kukijua. Miaka ishirini na tisa ni mingi kwa mtu kulalia jambo.

Nimeshapata ruhusa kazini. Natoka hapa tarehe 20.

Magreth


Ufukoni
16 Januari 2024

Fundi Hemedi,

Hii ni karatasi ya daftari, nisamehe. Juzi ulitaka kunibeba na kitanda, nikashika nondo za dirisha kama mtoto. Ulipotoka nilikuona unafuta macho. Hukustahili. Kwa hiyo wewe nakuambia, na ukimaliza kusoma choma.

Watu wanajua niliacha kisima wazi. Niliwaambia mwenyewe kwamba nilipitia nyumbani alfajiri kunywa chai, nikachota, nikasahau mfuniko. Sikupitia. Meli ilikuwa gatini, niliingia kazini jana yake jioni na sikutoka getini mpaka waliponiita. Mke wangu alikuwa misa ya asubuhi. Wenzangu wa zamu walikuwa wageni, meli ilipoondoka nao wakaenda Tanga, hakuna aliyebaki wa kunibishia.

Nilipofika, mtoto ameshatolewa. Mama yake yuko chini, wanawake wamemzunguka. Mimi macho yangu yaliangukia kwenye ndoo. Imekaa kando ya mdomo wa kisima, imejaa mpaka juu, ya bluu. Siku hizo kila mwanafunzi alipeleka ndoo ya maji shuleni, na ndoo iliandikwa jina. Magi alikuwa darasa la kwanza. Alichota, akaitua, wenzake wakapita wakimwita, akakimbilia nao. Akasahau ndoo, akasahau mfuniko. Alikuwa na miaka saba, fundi. Hakuna mwingine aliyeitazama ile ndoo. Nikaimwaga, nikafunga jiwe ndani kwa kamba yake, nikaitumbukiza. Kisha nikageuka nikawaambia ni mimi.

Udongo nilishaagiza. Lakini kila nikifikiri wale vijana wa tipa watasimama pale mdomoni, watachungulia, maji wakati huo yalikuwa safi, naogopa. Usiku ule nikapanga mbao nilizopewa bandarini, nikamwaga saruji, nikajenga, nikaweka kitanda changu. Kitanda changu ndicho mfuniko. Niliwaza, mimi nikiwa juu yake hakuna atakayechimba.

Mke wangu alikaa na mimi miaka kumi na tano bila kunitazama usoni. Nilivumilia. Ni afadhali mtoto awe na baba mzembe kuliko ajue lile. Usiniambie nilikosea, nimeshajiambia.

Sasa mwanangu anataka jina la mhusika kwa maandishi. Jina lipo, fundi. Limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa mama yake, na liko chini ya kitanda changu.

Nimekubali sakafu ivunjwe, kwa sharti hili. Jumapili nikitoka misa nitahamia mbele. Jumapili hiyo hiyo mchana uje na pampu, kabla ya baraza, kabla yake. Uingie wewe kwanza, peke yako. Ndoo itoe, ivunjevunje, usimwonyeshe mtu. Niapie kwa imani yako. Ukikubali, kesho ukipita dirishani nyosha mkono juu, nami nitanyosha wangu.

Leo mvua tena. Siisikii, lakini naijua kwa miguu.

Gaudensi Ndunguru


Mpapura
27/2/2024

Dada Magreth,

Asalaam aleikum. Rambirambi za mzee nilikupa makaburini, na siku ya kuondoa matanga nilikuwa nyuma ya wanaume wengine, sikusogea. Sikuwa na uso wa kukusogelea. Uliniambia tu, "Ukimaliza kutoa maji, niandikie kilichotoka," ukaingia kwenye gari.

Maji nimeyatoa. Lakini kwanza niseme ya Alhamisi ile, maana hukuniuliza na najua unataka kuuliza. Ilikuwa saa nane mchana, mvua imekatika. Nilikuwa uani nashusha mbao za kuegemeza ukuta. Nikasikia sakafu inalia. Nikapiga kelele, dada, nikamwita kwa nguvu zangu zote, mtu asiyesikia. Nikakimbia dirishani nikapunga mkono atoke. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anakunja shuka zake kwa ajili ya kuhama. Akaniona, akatabasamu, akaninyoshea mkono. Alidhani namsalimia. Hapo hapo sakafu ikaenda naye chini. Nilimfikia baada ya robo saa, kwa kamba, na Bi Somoe ameshika mwisho wake. Nakuandikia hivi usije ukasimuliwa vingine mtaani. Hakuteseka muda mrefu, hilo nakuapia.

Orodha ya vilivyotoka kisimani, kama ulivyoagiza: kitanda kimoja cha chuma. Masanduku mawili. Rozari moja. Kiatu kimoja cha mzee, cha kulia. Mbao za bandarini kumi na moja, nyingine zimeoza. Mfuniko wa kisima, wa mbao, mzima. Kamba ya katani, ndefu, ina kitanzi mwisho mmoja. Vipande vya saruji. Hakuna kingine.

Na jina ulilolidai tangu tarehe 4 Desemba ninakupa, ili jalada lako lifungwe. Bomba nililiunganisha mimi. Maji niliyaingiza mimi. Mhusika ni mimi, Hemedi Mnali, fundi, wa Mpapura, na baraza likiniita nitasema hivi hivi. Marehemu hana kosa lolote, la juzi wala la zamani.

Nisamehe ukiweza.

Hemedi Mnali
(saini)


Dodoma,
6 Machi 2024

Kaka Hemedi,

Shikamoo kwa Bi Somoe. Mwambie mikono yake nimeiona siku ya maziko, imechubuka na kamba. Sitaisahau.

Malalamiko nimeyafuta. Nimewaandikia baraza kwamba jina nililolipeleka halikuwa lenyewe.

Nilirudi huku na sanduku la karatasi za baba, lile lililokuwa chumba cha mbele. Kupanga karatasi ndiyo kazi ninayoiweza, nikafikiri nikizipanga nitalala usingizi. Kuna kadi zake za zamu, za miaka yote, amezifunga kwa uzi. Nikatafuta ya tarehe 17 Mei 1994, siku ile ya Brian. Ina mihuri miwili ya getini. Kuingia, tarehe 16, saa kumi na mbili jioni. Kutoka, tarehe 17, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Katikati hakuna kitu. Nimeigeuza, nimeiweka kwenye mwanga, hakuna kitu. Saa tatu nilikuwa nimeshaitwa darasani. Baba hakupitia nyumbani alfajiri, Hemedi. Hakunywa chai, hakuchota maji. Miaka yote ile nilimtazama akinywa chai yake, na hakusema.

Mama alikuwa misa. Brian alikuwa amelala. Nyumbani nilikuwepo mimi.

Wewe hujazoea kuandika orodha, ndiyo maana umekosea. Umeandika mfuniko, umeandika kamba yenye kitanzi. Nimekaa masjala miaka kumi na mbili, ninachotafuta kwenye orodha ni kile kilichorukwa. Kamba ya kisima inafungwa kwenye ndoo. Nilichapwa siku ile kwa sababu sikuwa na ndoo, na nilikuwa nimesahau niliitua wapi. Nimekumbuka juzi, nimesimama foleni benki. Nilikumbuka hata uzito wake, na sauti ya wenzangu njiani wakisema tumechelewa.

Najua alikuapisha. Sikulaumu. Na maji yale, mimi ndiye niliyekuzuia kuyaondoa.

Kama hujaivunja, usiivunje. Natoka hapa na basi la Ijumaa, nitafika Mpapura Jumapili. Sitakuuliza swali lolote wala sitataka uandike kitu. Niwekee tu ndoo yangu barazani, upande wenye jina uelekee njiani.

Magreth